Fukusi Mwenye Vidole

Paukwa!

— Pakawa!

Nimesikia sauti tatu tu. Hao wengine wamekuja kuota moto? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Palikuwa na meko, juu ya meko moshi, juu ya moshi mbegu, na chini ya vyote hivyo mwanamume mwenye njaa. Sogezeni nyungo zenu. Sikilizeni huku mnapukuchua, mikono haina masikio.

Hapo kale, kabla sijazaliwa mimi, na mimi si wa juzi, kulikuwa na nyumba moja kando ya kijito. Ndani walikaa watu watatu. Bi Mboza, mama mtu, mjane, magoti mabovu, ulimi mzima. Mhina, mwanawe wa pekee. Na Semeni, mke wa Mhina, mwaka wa kwanza wa ndoa, mimba ya miezi minne.

Ilikuwa wiki ile ya mwisho kabla ya masika. Mnaijua wiki hiyo. Jua linauma, mawingu yanapita kama wageni wasiokaribishwa, ghala limebaki vumbi na panya wamehama. Watu wanakula uji mwepesi na kisamvu. Kesho uji na kisamvu. Keshokutwa kisamvu, uji umekwisha.

Lakini mbegu ipo. Mbegu haiguswi. Siku za mavuno Bi Mboza alichagua mahindi makubwa, akarudisha maganda nyuma, akayafunga mawili mawili kwa ugomba, kamba ya mgomba mkavu, akayatundika kwenye boriti ya jikoni moshi uyapige, wadudu wasiyasogelee. Jozi kumi na mbili. Maganda yamefunika punje zote, huoni hata jino moja la hindi.

Na kijiji kile kilikuwa na sheria yake: chumvi utaazimwa, moto utaazimwa, jembe utaazimwa. Mbegu, hapana. Kila nyumba na boriti yake. Aliyepoteza mbegu alibeba mkeka akaenda kulima mashamba ya watu, na mtoto wake akazaliwa kwenye kibanda cha watu. Semeni alilijua hilo. Kila asubuhi alitazama juu, akahesabu, kumi na mbili, akashika tumbo, akatoka.

Kitu kingine ndani ya nyumba hiyo kilikuwa kibuyu cha Bi Mboza. Kibuyu kikuukuu, kimepakwa majivu na mavi ya ng'ombe, kimezibwa kwa majani makavu ya mwarobaini. Kinanuka! Kilikaa pembeni mwa jiko, ukutani.

"Mama, kibuyu hiki kina nini?" Mhina aliuliza.

"Dawa ya magoti."

"Kitupe, kinanuka."

"Na wewe ulinuka miaka miwili, sikukutupa."

Basi. Jumamosi, wanawake wakajifunga kanga viunoni, wakashika majembe kwenda kusafisha shamba. Mhina akatoka akichechemea.

"Mke wangu, nimechomwa na mwiba. Kisigino cha kushoto. Tangulieni."

"Pole, mume wangu. Kaa uangalie nyumba."

Akakaa. Akaiangalia nyumba. Akaangalia mlango, akaangalia chungu kitupu, akaangalia juu. Na akiangalia juu mwanamume mwenye njaa, haangalii mbingu.

Akasema, "Jozi moja tu. Nani atajua?"

Akapanda kinu, akafungua jozi moja, akaipukuchua, akaweka gae la chungu motoni, akakaanga. Pa! Pa! Pa! Harufu ikajaa nyumba. Akaegemea ukutani pale penye kibuyu, akatafuna. Kachu, kachu, kachu. Alipomaliza akafikiri. Alikuwa mvivu, mpumbavu hakuwa. Akayachukua magunzi matupu, akayafunika maganda yake vizuri, akafunga kwa ugomba, akatundika palepale. Ukiangalia kutoka chini, hindi zima. Kuku wakaingia wakadonoa makombo.

Jumapili, mwiba bado. Jozi mbili. Kachu, kachu, kachu. Gunzi ndani ya ganda, ganda kwenye ugomba, ugomba kwenye boriti.

Jumatatu, mwiba bado. Ila siku hiyo alichechemea mguu wa kulia. Bi Mboza aliona, akakohoa kidogo, akaenda shambani. Jozi tatu. Gunzi, ganda, ugomba, boriti.

Jumanne sitawasimulia, mtapata njaa. Jumatano asubuhi jozi ya kumi na mbili ilikuwa gunzi.

Hapo ndipo akili ikamrudia Mhina. Ilirudi imechelewa, kama yeye alivyo. Watu wakipanda, mbegu zitashushwa. Mbegu zikishushwa, jamani! Akatoka uani, akaona mawingu mazito yanakuja kutoka milimani. Kijiji kizima kilikuwa nje, mikono juu, kinaomba mvua. Mtu mmoja tu alikuwa nyuma ya nyumba yake anaifukuza. Aliimba hivi, nanyi mniitikie "njoo kesho":

Mvua ee, pita huko,
— njoo kesho!
Kwetu leo hapafai,
— njoo kesho!
Mwiba ungali mguuni,
— njoo kesho!

Mnaitikia vizuri mno. Mna mbegu za nani tumboni?

Mawingu yalipozidi, Semeni na Bi Mboza walirudi mapema. Upepo wa mvua ukaingia nao mlangoni. Semeni akainua macho kuhesabu, kama kawaida yake. Kumi na mbili zipo. Lakini zinacheza! Zinapepea kama nguo kwenye kamba. Hindi lenye punje ni zito, halichezi kwa upepo wa mlango. Akatazama chini. Kuku watatu wanadonoa jikoni, na jikoni hakujamwagika kitu wiki nzima.

Akapanda kinu, akanyoosha mkono, akabonyeza moja. Gunzi. Akabonyeza la pili. Gunzi. La tatu hakulibonyeza, akashuka, akakaa juu ya kinu.

"Mama," akasema taratibu, "mbegu zinacheza."

"Upepo, mwanangu. Koroga uji."

"Mama, mimi nitajifungulia wapi?"

Bi Mboza akamsogezea mwiko. "Nimekwambia koroga uji. Na ulimi wako uwe ndani ya meno yako mpaka kesho."

Semeni akakoroga. Chozi moja likaingia kwenye uji. Mhina alipokunywa akasema leo una chumvi.

Alhamisi alfajiri, mvua. Si manyunyu, mvua! Ikapiga mapaa, ikajaza kijito, vyura wakaanza fujo. Kijiji kikapiga vigelegele. Mhina akajifunika shuka mpaka kichwani.

"Mhina," mama yake akaita mlangoni. "Mwenye nyumba hushusha mbegu kwa mkono wake. Amka."

"Mama, mwiba..."

"Njoo niutoe. Lete mguu. Upi?"

Akautazama wa kushoto. Akautazama wa kulia. Hakukumbuka.

"Basi umetoka wenyewe," akasema Bi Mboza. "Panda kinu."

Akapanda. Akashusha jozi ya kwanza, akamkabidhi Semeni aliyeshika ungo. Semeni akafunua ganda. Gunzi likaanguka kwenye ungo, ko! Jozi ya pili, ko! Jozi ya tatu, ko!

"Fukusi!" Mhina akapiga kelele, mikono kichwani. "Mama yangu wee, fukusi wamekula mbegu yote! Wadudu hawa hawana huruma!"

Bi Mboza akaokota ganda moja, akaligeuza, akalisogeza machoni.

"Fukusi, kweli. Lakini huyu ni fukusi mwenye adabu. Akishakula anafunga mlango."

"Ndiyo, mama, siku hizi wame..."

"Na anafunga kwa ugomba. Ana vidole! Na fundo analofunga ni lile unalofungia mbuzi wewe. Semeni, umewahi kuona fukusi anafuga mbuzi?"

Semeni hakucheka. Aliweka ungo chini. "Nimepata mume fukusi," akasema. "Mimi nakunja mkeka, nakwenda kulima kwa watu kabla tumbo halijanizuia. Wewe, Mhina, kaa na magunzi yako, yatundike ukiwa mpweke."

"Utakwenda," Bi Mboza akasema, "lakini si sasa. Mhina, chukua jembe, twende shambani."

"Tutapanda nini, mama?"

"Chimba."

"Lakini mama, tutapanda..."

"Chimba."

"Mama, mbegu..."

"Chimba!"

Akachimba. Mvua mgongoni, tope magotini, majirani pembeni wanapanda huku wanaimba, na yeye anachimba mashimo ya kupandia hewa. Safu ya kwanza alikuwa na hasira. Safu ya pili alikuwa na aibu. Safu ya tatu aligeuka akamwona Semeni amesimama mwisho wa shamba, mkeka kichwani, mkono tumboni, analowa. Hapo ndipo alipoanza kulia, na kwenye mvua si rahisi kujua, lakini mabega yalitoa siri. Hakupumzika. Alichimba hadi mpaka wa shamba, mashimo yote, peke yake, kazi ya watu watatu.

Akatupa jembe. Akapiga magoti kwenye tope.

"Ni mimi. Jumamosi jozi moja, Jumapili mbili, Jumatatu tatu. Sikuwa na mwiba. Mke wangu, nilikula nyumba ya mtoto wetu, nikatafuna na chumvi. Kama ni kwenda kulima kwa watu, nitakwenda mimi. Wewe kaa kwa mama."

Bi Mboza akamwambia Semeni, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Inatosha?"

Semeni akafikiri. Alikuwa mtu wa haki. "Haishibishi," akasema, "lakini inatosha."

Bi Mboza akafunua kanga yake. Ndani, kwapani, palikuwa na kibuyu kile kinachonuka. Akang'oa majani ya mwarobaini, akakiinamisha juu ya ungo alioubeba kutoka nyumbani.

Shaaa!

Mbegu. Nyeupe, nzito, kavu, hakuna hata moja iliyotobolewa. Ungo ukajaa mpaka ukingoni na kibuyu kikabaki na nusu yake.

Mkeka ulimwanguka Semeni kutoka kichwani. Akacheka, akalia, akakaa kwenye tope kama mtoto. Mhina akabaki mdomo wazi, mvua ikaingia. Wiki nzima alitafuna akiwa ameegemea mbegu kwa mgongo wake!

"Mama, ulijua?"

"Mwaka nilioolewa," Bi Mboza akasema, "baba yako alichomwa na mwiba wiki hiihii. Kisigino cha kushoto. Tulilima kwa watu mwaka mzima, na wewe ulizaliwa kwenye kibanda chao. Tangu hapo, kilicho juu ya meko ni cha wanaume. Cha kupanda nakiweka pengine."

"Na mimi hukuniambia!" Semeni akasema. "Nimelia kwenye uji!"

"Ningekwambia, uso wako ungemwambia yeye. Wewe huwezi kuficha hata chafya. Haya, simama. Kwetu mbegu ya kwanza hudondoshwa na mwanamke mkubwa wa nyumba. Magoti yangu yamechoka kuinama. Mwaka huu mkono ni wako."

Semeni akachota. Akadondosha punje tatu kwenye shimo la kwanza, akafukia kwa unyayo. Na Mhina nyuma yake, anafukia, anaimba bila kuambiwa. Mwitikie, lakini sasa ni "njoo leo":

Mvua ee, rudi huku,
— njoo leo!
Kwetu shimo liko wazi,
— njoo leo!
Hakuna mwiba mguuni,
— njoo leo!

Mahindi yalipoanza kukauka shambani, Semeni alijifungua mtoto wa kike, kwenye nyumba yake mwenyewe, kando ya kijito. Mavuno yalipoingia, alichagua mahindi makubwa, akayafunga mawili mawili, akayatundika juu ya meko. Mhina aliapa hatayagusa. Labda kweli, labda si kweli. Bi Mboza alimvuta mkamwana wake sikio, akamnong'oneza mahali pa kuweka yale mengine, kwa kuwa kibuyu kilishajulikana.

Alimnong'oneza wapi? Semeni alijua. Semeni akamnong'oneza binti yake, binti yake akamnong'oneza wake, na huyo wake akaninong'oneza mimi. Nami kabla sijafa nitamnong'oneza mmoja wenu. Si wewe, Mwanjaa. Wewe nimekuona. Tema hiyo punje, irudi kwenye ungo.

Hapa hadithi nimeitua. Ikiwa tamu, gawaneni njiani. Ikiwa chachu, niachieni, nina meno manne tu na hayachagui.