Kamba ya Nyamizi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa neno, halina mwenyewe!"

"Basi nipeni masikio nilibebee."

"Tumekupa, yarudishe na utamu wake!"

Hapo zamani za kale, zamani zile mtu na mnyama walipokuwa wakiamkiana njiani, palikuwa na mrina asali jina lake Mihambo. Mkewe aliitwa Nyamizi. Walikaa ukingoni mwa msitu, wawili tu, maana Mungu hakuwajalia mtoto.

Mihambo alikuwa hodari. Akipanda mti, anafika. Akifukiza nyuki, wanatoka. Akirina, vibuyu vinajaa. Anaporudi anavitua mlangoni na kusema maneno yaleyale, mwaka nenda mwaka rudi: "Mke wangu, mimi ni wa mwituni, wewe ni wa nyumbani. Ya humo ndani sikuulizi."

Na kweli hakuuliza. Asali inakwenda wapi? Hajui. Mtama unatoka wapi? Hajui. Alijua kunawa na kula. Mnacheka? Wenzake wamo humuhumu, nawaona, ila sitaji mtu.

Sasa ishikeni desturi ya watu wale. Wakati wa njaa, mtama ukiwa bado mbichi shambani, watu walikwenda kwa Nyamizi kuchukua asali. Wakishavuna, wanalipa mtama. Nyamizi hakujua kuandika. Alisokota kamba ndefu akaitundika juu ya kitanda. Mtu akichukua asali, Nyamizi anafunga fundo mbele yake. Mtu akilipa, analifungua mwenyewe. Fundo kubwa, fundo dogo, fundo lenye ushanga, fundo lenye unyoya. Hilo ndilo lililokuwa daftari lake, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka wa kwanza wa ndoa Nyamizi alisema, "Mume wangu, kaa hapa nikusomee kamba."

"Nimechoka, mke wangu. Kesho."

Mwaka wa saba akasema tena, "Mume wangu, kaa hapa nikusomee kamba."

"Ya nini? Kwani mimi sikuamini?" Akatoka kifua mbele, akiona amemsifu mkewe. Na watu wakamsifu yeye: tazameni mwanamume anavyomwamini mkewe!

Mwaka wa ishirini Nyamizi akashikwa na homa. Akanyoosha mkono juu ya kitanda, akaigusa kamba. "Mume wangu, kaa. Kaa nikusomee kamba."

"Ukipona, Nyamizi. Ukipona."

Hakupona.

Wakamzika nyuma ya nyumba. Waombolezaji wakakaa matanga, wakaondoka mmoja mmoja. Nyumba ile ndogo ikawa kubwa ghafla. Mihambo akipika ugali, anapika wa watu wawili. Mkono ulikuwa haujapata habari. Akikohoa, hakuna wa kumwambia pole. Alikuwa mpweke, jamani, mpweke wa kuzungumza na chungu.

Ndipo akaja Nyegere. Mnamjua Nyegere na asali, sina haja ya kueleza.

"Hodi! Pole na msiba, kaka. Marehemu aliniahidi kibuyu kimoja. Hakukwambia?"

Mihambo akavitazama vibuyu. Aseme hajui? Mwanamume mzima, nyumbani kwake, aseme hajui? Akasema, "Aliniambia." Akampa kibuyu.

Siku ya pili: "Hodi! Kile kilikuwa changu. Kuna cha mama yangu. Hakukwambia?"

"Aliniambia." Akampa.

Siku ya tatu: "Hodi! Kuna na cha mkwe wangu."

"Aliniambia, aliniambia." Kibuyu cha mwisho kikaenda zake.

Kesho yake Mihambo akaingiza kata kwenye kihenge kuchota mtama. Kata ikagonga chini, kwa! Hakuna kitu. Msimu wa asali umepita, masika bado mbali. Na watu wote walikuwa wameshavuna, lakini hakuna aliyeleta hata kikapu kimoja. Kila mmoja alikuwa akijisemea moyoni: deni langu limezikwa na mwenyewe.

Shemeji yake, kaka wa Nyamizi, akatuma salamu: njoo ukae kwangu, ule na wanangu. Mihambo akalitazama kaburi nyuma ya nyumba. Akiondoka, nani atalipalilia? Alimwacha Nyamizi peke yake alipokuwa hai. Amwache na sasa?

Akapanda kitandani, akaitungua kamba. Akaipapasa fundo kwa fundo. Hili la nani? Hajui. Hili la nani? Hajui. Hili je? Hajui. Miaka ishirini amelala chini ya kamba ile, na leo ilikuwa kamba tu.

Akaishika akalia. "Alikuwa mpweke humu ndani," akasema, "na mimi nimo." Kumbe mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mpaka siku utakapotwikwa kichwani pako.

Alipokwisha kulia, akanawa uso. Akachukua kigoda na kamba, akaenda kukaa kando ya njia ya kisimani, pale ambapo lazima kila mtu apite. Akaanza kupapasa mafundo taratibu, huku akiimba:

"Kamba, kamba, nisomee,
nani kala, nani bado?"

Mtu akipita, Mihambo anashika fundo, anamtazama, anatikisa kichwa. "Mh! Kumbe!" Kisha anaendelea na fundo jingine.

Uongo? Ndiyo, uongo. Lakini aliyekula akanyamaza naye kasema uongo, tena bila kuchosha ulimi.

Wa kwanza kurudi alikuwa Kalunde mfinyanzi, na kikapu cha mtama kichwani. "Shemeji, usinisome mbele za watu. Langu ni hili lenye ushanga." Akalifungua mwenyewe. Kisha akaongeza: "Kila alipokuwa akifunga, marehemu alisema: ipo siku mume wangu atakaa nimsomee."

Mihambo akainamia kamba, akaimba tena:

"Kamba, kamba, nisomee,
nani kala, nani bado?"

Wa pili, Machibya mhunzi, na vikapu viwili. "Mafundo haya mawili, yenye unyoya, ni yangu. Nilikuwa nakuja, bwana, ni mguu tu ulikuwa unauma." Mguu wenyewe ulikuwa mzima kama mguu wa mbuzi.

"Kamba, kamba, nisomee,
nani kala, nani bado?"

Wa tatu, kichaka kikatikisika, akatokeza Nyegere, mkia chini. "Kaka Mihambo, eti... na mimi nimo?"

Mihambo akapapasa kamba kuanzia juu hadi chini, na kutoka chini hadi juu. "Umo," akasema. "Mara tatu."

Nyegere hakuwamo hata kidogo! Lakini alipiga magoti, akasema yote, akampeleka Mihambo kwenye gogo alilolificha kwa ajili yake mwenyewe, limejaa masega. Wakajaza vibuyu vitatu. Tangu siku ile Nyegere hatembei na mtu. Akila asali, anageuka nyuma kutazama kama kuna anayefunga fundo.

Wakaja wengine na wengine. Kihenge kikajaa. Kamba ikafunguka, fundo baada ya fundo, ikawa imenyooka chini ya vidole vyake.

Likabaki moja.

Lilikuwa mwisho kabisa wa kamba, dogo, limekazwa sana, na ndani yake umesokotwa uzi wa gome, gome lile ambalo Mihambo alitengenezea mizinga yake. Akamuuliza Kalunde. Si langu, shemeji. Akamuuliza Machibya. Si langu, bwana. Akauliza hadi kijiji cha pili. Si letu.

Basi akajua ni lake.

Lakini ni lake kwa lipi? Alikuwa anadaiwa, au alikuwa amewekewa kitu? Nyamizi alilifunga siku aliyokasirika, au siku aliyomkumbuka akiwa msituni? Angelifungua, lakini fundo hufunguliwa na aliyelipa, na yeye hakujua alipe nini. Mwenye kujua alikuwa nyuma ya nyumba, chini ya udongo.

Akairudisha kamba juu ya kitanda. Kila akirudi kutoka mwituni, alikuwa akikaa kitandani na kusema, "Nimekaa, Nyamizi. Nisomee." Anangoja kidogo, kisha analala.

Aliishi hivyo mpaka alipozeeka. Fundo lile hakulifungua.

Hadithi yangu nimeitua hapa, aliye na nguvu aibebe. Wenye wenzao nyumbani, inukeni, nendeni mkakae nao, msomeane kamba zenu maadamu mdomo wa kujibu ungali upo. Msinisubiri. Mimi nitabaki hapa kwenye moto kidogo. Kwangu hakuna anayengoja kuulizwa.