Mfalme Aliyezaliwa na Mtungi

Paukwa, nyote mliosogea motoni. Pakawa, tunakusikia.

Hapo zamani za kale, huko Bara Hindi, mchunga ng'ombe aitwaye Kesiga aliteka ngome, akataka kuwa mfalme. Makuhani wakakataa.

"Mfalme huzaliwa na ukoo wa kifalme. Wewe umezaliwa na muuza samli."

Muuza samli huyo, Nagavve, alikuwa amesimama palepale na kibuyu chake.

"Hakuna dawa?" akauliza Kesiga.

"Ipo. Fua mtungi wa dhahabu, uingie, tukusomee dua za uzazi. Ukitoka, mtungi ndio mama yako. Huyu bibi atakuwa mtu baki."

Nagavve akamtazama mwanawe, akingoja aseme hapana.

Kesiga akasema, "Mtungi uwe mkubwa."

Siku ikafika. Kesiga akaingia, akajikunja. Makuhani wakaimba, wakaimba, wakaimba. Kesiga akatoa kichwa, mabega yakakwama. Wakamvuta, hakutoka. Wakamvuta tena, hakutoka. Wakamvuta mara ya tatu, masikio yakawa mekundu, hakutoka.

"Upasueni," akalia Kesiga.

"Ukipasuka, mimba imeharibika," akajibu kuhani mkuu. "Utarudi kuchunga."

"Basi nitafia humu?"

"Utafia humu, lakini ukiwa karibu kuwa mfalme."

Nagavve akapita katikati yao. Akampaka samli shingoni, mabegani, kwapani.

"Legeza bega, mwanangu. Hata mara ya kwanza ulinisumbua hivihivi."

Kesiga akateleza nje, puu. Hakuna aliyemshukuru mama yule, ila mpiga ngoma mmoja aliyempa kitambaa afute mikono.

"Mama yako nani?" kuhani akauliza mbele ya watu.

Kesiga akamtazama Nagavve, akakitazama kiti cha enzi. "Mtungi."

Watu wakashangilia. Makuhani nao wakatoa patasi, maana kwa desturi dhahabu ile ni yao. Wakaukata mtungi vipande vinane, kila mmoja akaenda na chake.

Jioni mfalme akabisha hodi kwa Nagavve, mabega yamevimba.

"Mama, yananiuma."

"Mama yako nimemwona akigawanywa, mtukufu. Kaulize paja lake amelichukua nani."

Kesiga akainamisha kichwa. Nagavve akampisha, akapasha samli moto, akamkanda mpaka akasinzia.

Kesho yake mchongaji akachora kwenye jiwe: Ukoo wa Mtungi wa Dhahabu. Jina la Nagavve halimo. Mfalme alisoma jiwe lote, juu hadi chini, akasema limekaa vizuri.

Hadithi yangu imeishia hapo, jiweni.