Pipa la Bi Nungu

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa mpo? Wadogo mpo? Basi sogeeni, nisipige kelele.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaalikana, Bi Nungu, mke wa Mzee Nungunungu, alipika pombe ya mtama na asali. Haikuwa togwa, watoto, msilambe midomo. Ilikuwa kali! Akaitia katika pipa la mninga, akaziba kwa nta. Akasema, "Ilale. Nitaionja mvua zikirudi."

Mvua zilirudi. Yeye hakuzikuta. Alikufa kiangazi.

Na desturi ya wanyama ilikuwa hii: aliyepika pombe ndiye huonja kwanza, wageni wajue haina sumu. Majirani wakaja. Bi Kanga akaja, Swala akaja, Fisi akaja.

"Mzee, tufungulie, tumkumbuke mama."

"Nani ataonja kwanza? Mwenyewe hayupo. Rudini!"

Wakarudi. Mwaka ukaenda, mwaka ukaja. Kila jioni Mzee aligonga pipa. Ndu! Ndu! Sauti nzito, sauti ya kushiba. "Mke wangu, bado upo," akasema, akalala.

Siku moja akagonga. Ngo! Ngo! Sauti ya njaa.

"Mwizi! Mwizi!" Miiba ikamsimama, chaka-chaka-chaka! Wanyama wakaja mbio. Wote wakamtazama nani? Ndiyo, Fisi.

"Haya, nitazameni," Fisi akasema. "Mbuzi akipotea, Fisi. Mfupa ukipotea, Fisi. Nta ile pale haijaguswa! Nimeingilia wapi?"

"Hama kijiji leo hii! Wewe na watoto wako!" Mzee akafoka.

Fisi akaliendea pipa, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Akanusa. Akalamba ubao. Akalamba tena. Macho yakamlegea.

"Jamani," akasema, "ubao umelewa!"

Bi Kanga akadonoa. Ko! Ko! Akatikisa kichwa. "Kweli. Pombe inapenya kwenye ubao, kidogo kidogo, inaondoka na upepo. Mzee, sisi ulitunyima, ukaupa ubao."

Mzee akabandua nta. Harufu ikatoka: moshi wa kuni, asali, jiko la Bi Nungu asubuhi. Chini kabisa palibaki pombe kidogo, nyeusi, nzito.

"Onja wewe," Bi Kanga akamwambia. "Aliyekuachia nyumba amekuachia na kata."

Akapiga funda moja. Lo! Koo likawaka, masikio yakalia ngiii! Halafu utamu ukaja polepole, kama mtu anayerudi kisimani akiimba.

"Alikuwa akiimba akikoroga," Mzee akasema.

"Tena vibaya!" Fisi akadakia.

"Vibaya sana!" Mzee akacheka huku machozi yanamtoka. Akampa Fisi kata kwa mikono miwili. "Nisamehe, ndugu yangu. Kunywa."

Kata ikazunguka. Kila mmoja tone lake, kila mmoja neno lake juu ya Bi Nungu: alivyotembea, alivyogomba, alivyompa Swala uji wakati wa njaa. Mzee mengine hakuwahi kuyasikia. Wakanywa mpaka pipa likakauka, na bado walikuwa wanasimulia habari zake.

Basi, wenzangu, kumbukumbu ya mpendwa ukiifungia peke yako, hupungua bila kunywewa. Igawe, ndipo utaipata.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye machicha. Mwenye kata na aisuuze.