Silwamba na Jembe Lisiloonja Udongo

Kabla babu wa babu zetu hawajapewa majina, zama ambazo mlima wa Isunga ulikuwa miamba na upepo tu, alizaliwa Silwamba, mwana wa Sikombe mchimba mawe ya chuma, mjukuu wa Nalwizi aliyevuka mito mitatu na kaa la moto ndani ya chungu kichwani, lisizimike. Huyo ndiye tunayemwita Mkono wa Koleo, Mbeba Fuawe, Baba wa Tanuru, na sisi sote tulioketi hapa, hata wachanga walio migongoni, tunakula kwa jasho lake.

Siku hizo watu wa Isunga walikuwa nyumba tatu zisizosalimiana. Wachimbaji walikuwa na mawe ya chuma bila mkaa, wachoma mkaa walikuwa na mkaa bila mawe, na wahunzi walikuwa na nyundo na maneno mengi. Kila nyumba ilishuka mabondeni peke yake kutafuta nafaka, maana mlimani kwetu hata mtama hauoti, na watu wa mabondeni, wakiona wageni wanaogombana mlangoni, walimpa kidogo yule aliyechoka zaidi. Silwamba hakupendezwa. Akashuka mtoni, akalikumbatia jiwe la fuawe ambalo wanaume wanane walishindwa kulitikisa, akalipandisha mlimani tangu jua kuchomoza hadi vivuli kurefuka, akalitua katikati ya nyumba zote tatu, lisiwe karibu na yoyote. Kisha akasema:

"Anayetaka kufua, afulie hapa. Jembe litakalotoka hapa halitakuwa la mchimbaji, wala la mchoma mkaa, wala la mhunzi. Litakuwa letu, na nafaka yake itakuwa yetu."

Mke wa mchoma mkaa mmoja, ambaye nyumba yake ilikuwa haijazungumza na nyumba ya Sikombe kwa miaka saba, ndiye aliyemletea maji ya kunywa. Hapo ndipo ukoo wetu ulipoanzia, kwenye kata ile ya maji.

Wakajenga matanuru matatu, na shingoni mwa kila jembe wakapiga alama tatu, moja kwa kila nyumba. Kila nafaka ilipopanda kutoka mabondeni, Silwamba alitenga kikapu cha kwanza akakiweka katika ghala la pangoni, akaufunga mlango kwa jiwe aliloweza kulisogeza yeye peke yake. Watu wakanung'unika kwamba nafaka inalala na matumbo yako macho. Yeye akawajibu kwamba mwaka mbaya nao ni mtoto wa nyumba, atakuja tu na njaa yake, basi awekewe chakula chake mapema.

Jembe la alama tatu likapata sifa kuliko chochote kilichopita njiani. Lilikuwa zuri mno kiasi kwamba watu wa mabondeni wakaacha kulitumia kulimia. Wakalifanya mahari. Baba wa binti alipokea majembe, akayapaka mafuta, akayatundika darini, na hapo yakakaa yaking'aa, huku yeye akienda shambani na jembe lake la zamani.

Sasa Silwamba alikuwa na mdogo wake, Sinkonde, mtu wa kicheko, aliyependwa na kila mtoto wa mlimani kwa sababu hakupita karibu na mtoto bila kumbeba. Sinkonde akaona jinsi vijana wa mabondeni wanavyosubiri majembe ili waoe, akamshauri kaka yake wasiwe na matanuru matatu bali ishirini. Silwamba, aliyeweza kubeba mwamba, hakuweza kulibeba neno "hapana" mbele ya mdogo wake. Matanuru yakawa ishirini. Nasimpasa, mama mchoma mkaa ambaye mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni, alikuja akawaambia kwamba miti migumu ya mininga imekwisha, kwamba sasa wanachoma miti laini, na mkaa wake hauna moto wa kuivisha chuma.

"Mwanangu," alimwambia Silwamba, "unalilisha tanuru uji."

Sinkonde akamtania kwamba bibi anapenda kupumzika. Silwamba akasikiliza mivukuto ishirini ikipumua kwa pamoja, sauti tamu kama ya mvua, akasema kwamba miaka inapita na hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo kosa la babu yetu, wala hatulifichi tunapomsifu. Hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyelima. Majembe yalikuwa darini yamepakwa mafuta, na ukimya wa darini yeye aliudhania kuwa sifa.

Mwaka wa tisa wa matanuru yale ishirini, baada ya ukame mrefu, mvua zikanyesha kwa wingi. Kila mtu akataka kulima kila shamba alilo nalo, na majembe ya zamani yalikuwa yamelika hadi shingoni. Basi akina baba wakayashusha majembe ya mahari.

Siku ya nne ya mvua akapanda mlimani mama kijana aitwaye Nachela, mtoto mgongoni, vipande viwili vya jembe mkononi. Alikuwa ametembea siku mbili. Akaviweka vipande vile juu ya jiwe la fuawe, wala hakutukana mtu.

"Mama, ulikuwa unalima mwamba?" Sinkonde akauliza, na waliokuwa pale wakacheka.

"Shamba la baba la karanga, bwana," akajibu. "Udongo umelowa kama uji wa mtoto. Ni jembe la mahari yangu. Yamevunjika yote sita. Baba anasema ndoa iliyolipiwa kwa majembe yaliyooza si ndoa, ameniita nirudi nyumbani na mtoto. Na mimi nampenda mume wangu."

Kicheko kikafa. Silwamba akainuka kwenye kigoda chake akamkalisha yeye, na Nasimpasa akanawa mikono yake mara tatu kabla ya kumpokea mtoto, asimchafue. Uji ukaletwa. Hakuna aliyeambiwa aulete, uliletwa tu.

Wakati mama yule anakunywa, wakubwa wa nyumba tatu wakakaa baraza. Wengine wakasema alama tatu anaweza kuzipiga mwizi yeyote, basi waseme majembe yale si yao. Wengine wakasema wapewe mapya wale tu watakaopanda mlimani kudai, maana mlima ni mrefu na wengi watachoka njiani. Sinkonde alikuwa akivitazama vipande vile. Wote walijua kilichokuwa kwenye mizani: jina la jembe likifa, nafaka haitapanda tena Isunga, na ukoo usio na shamba utatawanyika kama majivu.

Silwamba akasimama, akatamka maneno ambayo kila mhunzi wetu huyajua kabla ya kujua kushika nyundo:

"Jembe lililovunjika ni letu. Lile ambalo bado halijavunjika nalo ni letu, mpaka lilime. Hatutangoja mtu apande mlima. Mlima utashuka."

Akazima matanuru kumi na saba, moja baada ya jingine, kwa mkono wake mwenyewe. Lakini hakumfukuza mtu. Alilisogeza jiwe la pangoni, na nafaka ya mwaka mbaya ikawalisha wote waliokosa kazi, nao wakapewa kazi ya kupanda mininga ambayo wao wenyewe wasingeichoma, ila wajukuu wao. Sinkonde akaja akapiga magoti, akaomba aondoke mlimani kwa aibu. Kaka yake akamwinua, akamwambia kuanzia leo yeye ndiye atakayelijaribu kila jembe kwenye udongo kabla halijatoka. Aliyekuwa mwepesi wa kuharakisha akawa mlinzi wa kuchelewesha, na hakuna aliyeifanya kazi hiyo kwa uchungu na upendo kama yeye.

Kisha Silwamba akajitwika majembe mia moja, mzigo wa punda watano, akashuka na Nachela. Baba yake Nachela, Simtowe, mtu mgumu, hakumkaribisha hata maji. Akamwonyesha kipande cha shamba chenye mawe kuliko vyote na kusema, "Lima hapo, mhunzi, tuone." Silwamba akalima hadi jua likazama. Cheche ziliruka, mpini ulivunjika mara mbili, lakini jembe halikupata hata pengo. Simtowe akalichukua, akalipitishia kidole. Kisha akamgeukia binti yake.

"Rudi kwa mumeo kabla hajazoea kujipikia," akasema, na ndipo akaagiza maji kwa mgeni.

Misimu mitatu Silwamba alikwenda hivyo, bonde kwa bonde, dari kwa dari. Kila alipotoa jembe jipya, yeye mwenyewe alilima tuta la kwanza, mwenye nyumba akitazama. Majembe mabovu yakarudi, yakayeyushwa, na ndoa ambazo zingevunjika zikabaki. Wanaosema watu wa mabondeni wana macho ya Silwamba wanatania, lakini ni kweli wapo leo kwa sababu yake.

Alipozeeka, hakumrithisha tanuru mwanawe mpenda sifa, alimpa mjukuu wa Nasimpasa, kwa sababu bibi yake ndiye aliyesema kweli wakati haikutakiwa. Kisha akauliza kama majembe yote mabovu yamerudi. Wakamwambia yote, isipokuwa moja ambalo halijulikani liko dari gani. Asubuhi akachukua jembe jema moja, akaaga kila mtu kwa jina, akashuka mlimani. Hakurudi, wala kaburi lake halikuonekana.

Ndiyo maana kwa wote wanaooa kwa jembe letu, bibi harusi haondoki kwao kabla hajalima tuta moja kwa jembe la mahari yake, na baba yake, hata awe na haraka ya namna gani, husimama ukingoni mwa shamba akauliza, "Limelima?" Wote hujibu, "Limelima." Na tuta lile halipandwi kitu. Linaachwa wazi kando ya njia, ili Mbeba Fuawe akipita hapo akilitafuta jembe lake la mwisho, ajue kwamba nyumba hii haina haja ya kukaguliwa, na apumzike kidogo.