Fimbo ya Nyamizi Juu ya Kabati

Hapo zamani, jamani, wala si zamani ya mababu, ni hii zamani ya juzijuzi tu, kulikuwa na binti kule Urambo anaitwa Nyamizi. Macho yalizimika akiwa mdogo, lakini kichwa! Looo! Kichwa kile kingekuwa kisima, mtaa mzima ungeteka.

Alisoma sekondari ya bweni pamoja na wanaoona. Kidato cha tano shule ikampa fimbo nyeupe, ajifunze kutembea peke yake, maana mbele kuna chuo. Likizo akaja nayo nyumbani. Mama yake kuiona tu, akaipokonya, akaitupa juu ya kabati.

"Mwanangu apapase barabara kama ombaomba? Watu watanionaje? Mkono wangu si upo!"

Shuleni nako kulikuwa na Yusta, rafiki yake wa kitanda cha juu. Bombani, Yusta. Chooni, Yusta. Foleni ya ugali, Yusta. "Fimbo ya nini na mimi nipo?" Wameongozana hao kama kumbikumbi, wanacheka!

Na Mwalimu Kapufi naye! Jioni wasioona walikuwa na zoezi la kutembea. Mwalimu akamtoa Nyamizi. "Wewe kaa usome. Miguu haitoki kwenye mtihani."

Nyamizi mwenyewe je? Alifurahi. Ngazi alikuwa anaziogopa, mitaro anaiogopa, kuchekwa ndiyo usiseme. Mkono wa mtu una joto, nani ataukataa? Fimbo hata hakuiulizia.

Matokeo yakatoka: divisheni wani! Vigelegele mpaka kuku wakapanda paa. Akaenda chuo kusomea sheria. Mama akamfikisha bwenini, akalia, akarudi. Yusta kapangiwa chuo kingine, mbali huko.

Basi Nyamizi akawa anafuata sauti. Wakipita wasichana wanaongea, naye huyo nyuma yao, kiganja ukutani. Wakimuuliza, "Dada, tukusaidie?" anajibu, "Aa, niko sawa tu."

Asubuhi ya mtihani akasikia kundi linacheka, akalifuata, akaingia nalo, akakaa. Mhadhiri wa mifugo kufungua mdomo: minyoo ya ng'ombe! Kwa-kwa-kwa! Mtoto wa sheria, kazama kwenye matumbo ya ng'ombe! Akataka kunyanyuka, lakini mlango uko wapi? Na hao watu wote wanamtazama? Akakaa hivyohivyo, jasho linamtoka, mpaka kipindi kikaisha. Wenzake walikuwa jengo la pili, wameshamaliza mtihani.

Kicheko kinaishia hapo. Mtihani uliofuata hakwenda. Akajifungia. Akarudishwa Urambo na begi lake, chuo kikasema aanze upya mwakani.

Wakakutana sebuleni. Yusta alikuja, mwalimu alikuja.

"Mimi nilimzaa, nilimlinda asidharauliwe," mama akasema, sauti inakatika. "Kulinda nako ni kosa?"

"Mama, mimi sikumwacha hata siku moja," Yusta akasema. "Nilimpenda tu."

"Bila mimi hiyo divisheni wani angeipata wapi?" mwalimu akasema, lakini polepole, kama anayejiuliza mwenyewe.

Nyamizi akawasikiliza wote. Kisha akasema, "Mama, ile fimbo."

Ikateremshwa, vumbi na buibui juu yake, ikalazwa mkekani.

"Sikuwahi kuiulizia," Nyamizi akasema. "Hilo ni langu, nalijua. Ila leo naomba nipewe. Yule aliyenipotezea njia kuliko wote aiokote, anitie mkononi, atoke na mimi hadi sokoni, watu wakituona."

Akanyoosha kiganja, akangoja. Akasikia mama anapenga kamasi. Akasikia kiti cha mwalimu kinalia. Akamsikia Yusta anavuta pumzi, halafu haitoi. Mkekani hakusikia kitu. Na yeye mwenyewe hakuinama, ingawa mkeka alikuwa anajua uko wapi.

Haya, nyie mnaocheka na nyie mnaofuta machozi, nijibuni: fimbo iko chini, mtoto kanyoosha mkono. Mama, Yusta, mwalimu, au Nyamizi mwenyewe? Je, nani alistahili kuinama?