Kijiji Ambacho Hakikuwa Kwenye Orodha

Isome hii polepole, kisha mtumie mwenzako anayeandaa ripoti.

Zamani, kwenye milima ya Upareni, kituo chetu cha afya kiliandika wagonjwa kwenye madaftari makubwa yenye majalada magumu. Bi Namsifu, karani wetu, aliyajua ukurasa kwa ukurasa. Mpaka leo nikisikia harufu ya wino namkumbuka.

Kisha ikaja kompyuta ya kwanza. Mwaka huohuo ikaja surua.

Mganga mfawidhi, Bwana Elinihaki, aliiagiza kompyuta ikusanye wagonjwa wa surua kijiji kwa kijiji na kuhesabu kila kundi. Kazi ya siku mbili ya Bi Namsifu ilikwisha kabla chai haijapoa. Tulipiga makofi. Yeye alitabasamu tu, akaomba kuiona karatasi iliyochapishwa.

Aliisoma kwa kidole. Akairudia.

"Mganga, vijiji vyetu ni kumi na viwili. Hapa viko kumi na kimoja. Ngolweni iko wapi?"

"Mama, kama haipo, basi haina mgonjwa. Mashine haikosei."

"Sijasema imekosea. Imehesabu waliofika hapa. Ambaye hakufika itamhesabuje?"

Gari lilikuwa moja tu, na lilishapangiwa kijiji chenye wagonjwa wengi kuliko vyote. Bwana Elinihaki akanigeukia. "Muuguzi, beba dawa, uende na mama kwa miguu."

Tulipofika mtoni hapakuwa na daraja. Mvua ilikuwa imelizoa wiki tatu nyuma. Tulivuka tumeshikana mikono, maji kiunoni.

Ngolweni tulikuta watoto kumi na tisa wamelala na homa, macho mekundu. Hakuna kijiji kwenye ile karatasi kilichofikisha idadi hiyo. Wengine wawili walikuwa wameshazikwa.

Mama mmoja akatuuliza, "Kwani mlikuwa mnajua kwamba tupo?"

Bi Namsifu alimpokea mtoto wa mama yule. Akaanza kumnywesha maji kwa kijiko.

Wale kumi na tisa walipona wote. Tangu hapo Bwana Elinihaki alibadili utaratibu: kompyuta ianze na orodha ya vijiji vyote, ndipo iweke hesabu pembeni, na kijiji kisicho na mgonjwa kiandikiwe sifuri. Na kila alipoiona sifuri, alimtuma mtu akaulize kulikoni.

Funzo: Kabla hujafurahia hesabu ya waliofika, ulizia habari za wasiofika.