Mama Eufrasia na Somo la Pentekoste

Mama mmoja alikuwa na kitabu cha sala, na hakujua kukisoma. Jina lake Eufrasia Kapinga, mwenyekiti wa jumuiya yake. Sala zote alikuwa nazo kichwani tangu ukatekumeni, alipokuwa akifundishwa ili abatizwe: litania, novena, sala za maziko, zote. Alikuwa akifungua kitabu, anashusha macho, anaanza, na watu wanafuata. Kwa miaka mingi hakuna aliyegundua kwamba siku nyingine walikuwa wakimwombea marehemu huku kitabu kimefunguliwa kwenye sala za ndoa. Msicheke.

Baada ya Noeli, paroko akatangaza kwamba Misa ya Pentekoste itaongozwa na jumuiya hiyo, na somo la kwanza atasoma mwenyekiti mwenyewe. Somo hilo mnalijua. Hata wasomaji waliozoea hulikwepa kwa sababu ya yale majina magumu ya mataifa. Nalo halikuwa kichwani mwa Eufrasia, maana husikika mara moja kwa mwaka. Angesimama bubu mbele ya parokia nzima, na baada ya hapo nani angemfuata tena katika sala? Aliogopa, jamani, mpaka chakula kikamshinda.

Akaenda kwa Sista Gaudensia, mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya parokia, akamweleza ukweli wote. Sista akafurahi. Akamfungulia kile kitabu cha sala, akidhani atajifunza upesi kwa maneno anayoyajua. Hapo ndipo walipokosea wote wawili. Sista alipoweka kidole kwenye silabi ya kwanza, Eufrasia alikuwa ameshafika Amina. Kwaresima ikaingia, na hakuna herufi hata moja iliyokaa. Mwishowe Sista akakifunga kitabu, akakitia kabatini.

"Mama yangu, mdomo wako unajua mno. Ufunge kwanza, macho nayo yapate kazi."

Akampa kitabu cha darasa la kwanza, chenye habari za mbuzi aliyekula kabichi za jirani, habari ambayo Eufrasia hakuwahi kuisikia. Kila alasiri alikaa dawatini na watoto, magoti yakigonga ubao, akiunganisha silabi kwa silabi. Jumuiya aliiongoza mikono mitupu, bila kitabu. Majirani wakapata la kusema. "Samaki mkunje angali mbichi," walimwambia, "wewe umeshakauka." Iliuma. Alilia njiani, akafuta uso, na kesho yake akarudi. Pasaka ilipopita, mbuzi alikuwa amemaliza kabichi zote, na Eufrasia alijua kwa macho yake mwenyewe kwamba jirani alimsamehe.

Siku ya Pentekoste akapanda mimbarini. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Alipofika kwenye majina yale, akakwama. Waliokuwa wakimcheka wakainamisha vichwa, maana sasa hata wao walimwonea huruma. Eufrasia akalikata jina vipande, akaviunganisha, akalisema lote. Akaenda la pili. Akaenda la tatu. Kufika la nne alikuwa hatambai tena, anakimbia, na sauti yake ilifika mpaka kwa waliosimama nje. Kabla hajamaliza kusema "Neno la Bwana", vigelegele vilikuwa vimeshapanda, Sista analia bila aibu, na paroko ameketi anasubiri, maana nani angewanyamazisha?

Basi ninyi walimu na wazazi wa shule yetu, mnaojivunia watoto wanaoimba kitabu kizima bila kukosea, ni lini mmewafungulia ukurasa wasioujua?